Ampia Thelathini na Nane

Usoke,
Jumatano, 15 Mei 2024

Mzee Abbasi Adinani,
Fundi Mota, Gongoni, Tabora.

Mzee, shikamoo.

Naitwa Levina Kashindye, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama Igembe. Mwezi wa tatu tulikuletea mota ya mashine yetu ya kusaga, ile ya nguvu za farasi kumi, ukaisuka upya. Nadhani unatukumbuka. Tulikuja wanawake wanne na toroli moja, na ukatucheka.

Nimekupigia simu siku nne mfululizo. Inaita mpaka inakata. Ndiyo maana naandika. Barua hii anakuletea Mama Josepha, ambaye hupeleka asali sokoni Tabora kila Alhamisi.

Mzee, mota yako inatuaibisha. Tukiwasha, inanguruma muda mrefu kabla ya kushika mwendo, na ikishashika, taa za kijiji kizima zinafifia. Zahanati iko jirani yetu. Friji yao ya chanjo ina kifaa cha kuilinda, umeme ukishuka sana kinaikata. Nesi Advera ameshabeba chanjo kwa pikipiki mara mbili kuzipeleka Urambo zisiharibike. Mara ya pili alirudi amelowa mvua, akapita mbele ya mashine yetu bila kutusalimia.

Mtendaji wa kijiji, Bwana Wilbroad, ametuita. Amesema mkutano mkuu ni tarehe 29 Juni. Ikifika siku hiyo tatizo bado lipo, mashine itakatwa umeme mpaka tununue transfoma yetu wenyewe, kitu ambacho tunajua na yeye anajua hatukiwezi. Tuko wanawake kumi na wanane. Mashine hii tumeipata kwa kuchambua tumbaku za watu misimu mitatu.

Watu wanasema koili zako ni mbaya. Mimi sijasema hivyo. Lakini fundi asiyepokea simu nitamteteaje?

Levina Kashindye
Mwenyekiti, Igembe


Gongoni, Tabora,
Alhamisi, 16 Mei 2024

Binti Levina,

Marahaba. Simu yangu iliingia maji, haifai kitu. Usinipigie tena, andika.

Koili zangu si mbaya. Nimesuka mota tangu kabla hujazaliwa, na baba yangu kabla yangu alizisuka kwenye karakana ya reli. Kama nimekosea nitasema nimekosea, lakini kwanza nataka kujua.

Barua yako inaniambia mota inanguruma. Hilo halinisaidii. Mtu akiniambia ngoma inalia, sijui ni ngoma ya harusi au ya msiba. Nataka tarakimu. Nimempa Mama Josepha mita yangu ya kubana waya. Ile taya yake inafunguka kama koleo. Ubane waya mmoja tu unaotoka kwenye luku kwenda kwenye mota, itakuonyesha ampia, yaani mkondo unaopita. Nchani ina nyaya mbili za kupima volti, lakini hizo zitumiwe kwenye soketi ya ukutani tu, usifungue kitu chochote.

Nipimie mashine ikiwa imezimwa, halafu ikiwa inasaga. Mwombe nesi akuruhusu upime na soketi ya zahanati. Andika kila kitu, hata kinachoonekana hakina maana.

Mama Josepha amenitolea salamu ndefu hapa mlangoni, nimemwitikia.

Abbasi Adinani


Usoke,
Jumatano, 22 Mei 2024

Mzee Abbasi, shikamoo.

Nakuletea tarakimu. Mashine ikizimwa, kwetu ni volti 228, zahanati ni 226. Mashine ikisaga, kwetu zinashuka mpaka 200, zahanati 194. Mkondo wa mota ni ampia 57.

Nesi Advera aliniruhusu kupima. Alisimama nyuma yangu amekunja mikono. Nilipomwonyesha 194 akasema, "Friji yangu hukatwa kwenye mia mbili." Nikamwambia, "Ndiyo, nimeona."

Sasa Mzee, umeniambia niandike hata kisicho na maana, na hiki kimenisumbua siku tatu. Mimi shule niliishia kidato cha pili, lakini nakumbuka volti ukizidisha kwa ampia unapata wati. Nimezidisha 200 kwa 57. Nimepata 11,400, yaani kilowati kumi na moja na kitu. Lakini luku yetu ukiiuliza inasema mashine inakula kilowati nane na kidogo. Nimerudia mara tano. Nimepima pasi ya Mektilda, mtunza hazina wetu, kwa njia hiyohiyo, na pasi haina ubishi, hesabu yangu na luku zinafanana.

Kwa nini pasi inasema kweli na mota inadanganya? Hizo kilowati tatu zinakwenda wapi? Kama ni wizi, anaiba nani?

Mama Josepha anasema wiki iliyopita alikueleza habari zetu zote, ukawa unatikisa kichwa tu na kuangalia meza. Amekwazika kidogo. Nimemwambia mafundi ndivyo walivyo.

Levina


Gongoni, Tabora,
Alhamisi, 23 Mei 2024

Mwanangu Levina,

Nimemwomba Mama Josepha asubiri basi la jioni ili nikujibu vizuri. Nimelisoma swali lako mara tatu. Miaka zaidi ya thelathini nimefundisha mafundi, na waliowahi kuniuliza hilo ni wawili.

Hizo kilowati tatu haziendi popote. Zinakwenda na kurudi.

Umeme wa nguzoni ni mkondo geu. Unasukuma mbele, unavuta nyuma, mara hamsini kila sekunde. Pasi ni ukinzani mtupu, rezista. Volti ikisukuma, mkondo unakwenda saa hiyohiyo. Ikivuta, unarudi saa hiyohiyo. Vinatembea pamoja, na kila kilichotoka kwenye transfoma kinageuka joto la kunyoosha nguo. Ndiyo maana pasi haina ubishi.

Mota ni koili. Koili haipendi mkondo ubadilike. Volti ikianza kusukuma, mkondo unachelewa; volti ikishageuka, mkondo bado unakwenda ulikokuwa unakwenda. Kwa hiyo kuna nguvu inayoingia kwenye koili, inakaa humo kitambo kama sumaku, halafu inarudishwa nguzoni bila kusaga hata punje moja. Luku haiihesabu kwa kuwa imerudi. Lakini nyaya zimeibeba, kwenda na kurudi, na mzigo huo ndio unaoshusha volti zahanati. Hakuna mwizi. Kuna mpagazi anayebeba mzigo hadi mlangoni na kurudi nao.

Kapasita ni kinyume cha koili. Ni mabamba mawili yaliyokaribiana bila kugusana. Ikiwa tupu inameza mkondo kwanza, na volti yake inapanda baadaye kadiri inavyojaa. Mkondo wake unatangulia, wakati ule wa koili unachelewa.

Umewahi kutwanga na mwenzio kwenye kinu kimoja? Mchi wako ukipanda, wake unashuka, hamgongani. Koili na kapasita ni hivyo. Koili inapotema, kapasita inameza. Kapasita inapotema, koili inameza. Zikikaa pamoja hapo kwenye mashine, zinapeana zenyewe kwa zenyewe, na transfoma inabaki kuleta ile ya kusaga tu. Koili zangu ni nzima, lakini kosa langu lipo: niliisuka mota bila kuuliza itafungwa wapi na kwa umeme gani.

Nakutumia kapasita nane. Ile nyeusi ni ya kuwashia tu. Fundi wenu wa kijiji aibadilishe, maana iliyopo imechoka, ndiyo sababu ya kunguruma. Saba za kopo la bati ni za kufanya kazi muda wote, kila moja mikrofaradi mia. Mzifungie kwenye boksi lenye swichi yake kubwa. Aanze na moja, mpime ampia, muongeze ya pili, mpime. Nitajieni kila tarakimu.

Kutoka hapa mpaka Usoke ni njia ileile waliyoipita wazee wetu kwa miguu na mizigo kichwani, kwenda Ujiji. Sasa inakwenda barua ya kapasita. Nimefurahi leo.

Abbasi


Zahanati ya kijiji, Usoke,
Jumanne, 28 Mei 2024

Ndugu Abbasi Adinani,

Mimi ni Advera, muuguzi. Hatufahamiani. Naandika kwa niaba ya Levina Kashindye ambaye hawezi kushika kalamu.

Jana mchana alikuwa anaongeza kapasita ya nne. Fundi alikuwa ametoka kwenda kufuata spana. Swichi ilikuwa imezimwa, nimeiona mwenyewe kwa macho yangu, iko chini. Alipogusa vichwa vya zile tatu za mwanzo alirushwa mpaka kwenye magunia. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimeungua na bega limeteguka. Moyo unapiga sawasawa, nimemlaza hapa usiku mmoja kumwangalia, na leo amekula.

Nimepiga namba yako mara sita. Inaita. Simu iliyoingia maji haiiti, ndugu yangu.

Anataka nikuandikie tarakimu, nimemkatalia, ananisumbua, kwa hiyo nazo ni hizi: 57, 52, 47, 43. Na anataka nikuulize maneno haya kama alivyoyasema: "Umeme ulikuwa umezimwa. Kwa nini hukuniambia?"

Na mimi nauliza hivyohivyo.

Advera
Muuguzi Mfawidhi


Gongoni, Tabora,
Alhamisi, 30 Mei 2024

Mwanangu Levina, na wewe Muuguzi Advera,

Nimesoma barua yenu nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Muuguzi amesema kweli. Simu yangu ni nzima. Mimi ndiye sisikii.

Mwaka jana mwezi wa nane niliugua homa, nikapewa dawa kali kwa wiki tatu. Homa ilipoondoka iliondoka na masikio yote mawili. Simu naiona inawaka mwanga mezani, najua kuna mtu, siwezi kumjibu. Nimeficha kwa sababu Tabora nzima inajua kwamba Abbasi anaitambua mota mbovu kwa kuisikiliza tu. Watu wakijua masikio yamekufa, nani ataniletea mota? Mke wangu, marehemu, angenisema. Binti yangu Mwanajuma ndiye peke yake anayejua, na anataka niufunge huu mlango aupangishe kwa wauza vocha. Nilikuwa nimekaribia kukubali. Mama Josepha niliyemtikisia kichwa, mwambieni sikumdharau. Sikujua alikuwa anasema nini.

Sasa jibu la swali. Kapasita ukiikatia umeme haijui kwamba imekatiwa. Inabaki na ilichomeza, na inaweza kukaa nacho siku nzima ikimngoja wa kumtemea. Kabla ya kuigusa ni lazima imwagwe. Hapa kwenye benchi sijawahi kumwacha mtu anyooshe mkono bila kusema, "Mwaga kwanza." Nimelisema mara elfu. Ni neno la mdomoni kwangu, halikuwahi kuwa neno la kalamu, na nilipokuandikia halikuja. Ungekuwa umesimama mbele yangu ningelisema bila hata kufikiri. Ningepokea simu ningelisema.

Kwa hiyo mkono wako nimeuunguza mimi, kwa uongo wangu.

Rudisheni kapasita zote. Nitaandika kwa mtendaji kwamba kosa ni langu. Msiguse tena kitu.

Abbasi Adinani


Usoke,
Jumatano, 5 Juni 2024

Mzee Abbasi, shikamoo.

Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Uvumilie.

Nilikasirika. Sitakuficha. Nilikaa na barua yako siku mbili nikiwa na hasira, siyo ya vidole, ya simu. Nilikuwa nimekutetea mbele ya watu. Halafu Mama Josepha alikuja, nikamsomea. Akasema, "Kumbe yule baba nilikuwa nampigia kelele mlangoni kwake bure." Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, bega likaniuma.

Jana kikundi tumekaa. Mektilda alisema, "Hiyo mashine imetaka kutuua mwenyekiti. Tuiuze, tugawane." Wengine walikuwa wanaitikia. Nikawaomba kitu kimoja, wazisome zile tarakimu nne kwa sauti. Hamsini na saba. Hamsini na mbili. Arobaini na saba. Arobaini na tatu. Nikawauliza, "Mnaona zinakwenda wapi?" Mzee, wale ni wanawake wanaopima tumbaku kwa macho, hawadanganywi na namba. Mektilda mwenyewe akasema, "Zinashuka." Halafu akasema, "Ila yule mzee atuandikie yote. Yote."

Kwa hiyo kapasita hatuzirudishi.

Tunataka uandike kila neno ambalo umezoea kulisema kwa mdomo ukiwa kwenye benchi, hata likionekana la kitoto. Fikiria mtu amesimama mbele yako ananyoosha mkono. Unasemaje? Andika hilo. Na kama kuna kitu cha kuimwaga kapasita yenyewe bila mtu kukumbuka, kitume.

Nesi Advera atakuwa anasoma volti kwenye soketi ya friji kila tunapopima. Amejitolea, sikumwomba. Alisema anachoka kubeba barafu.

Mkutano ni tarehe 29. Sijakusamehe kabisa. Nitakusamehe ukiandika.

Levina


Gongoni, Tabora,
Alhamisi, 13 Juni 2024

Mwanangu Levina,

Imenichukua wiki. Nimejaza daftari la kurasa arobaini, nalo linakuja na barua hii. Nilifanya ulivyosema. Nilimweka mtu mbele ya benchi, kichwani mwangu, nikamwambia kila kitu, halafu nikaandika nilichomwambia. Ukurasa wa kwanza una maneno mawili tu, unayajua.

Ndani ya bahasha kuna rezista saba nyeupe. Kila kapasita ifungiwe yake, kichwa hadi kichwa, ibaki hapo daima. Mashine ikifanya kazi, rezista inachukua kidogo sana, huoni. Ukizima, kapasita inatemea kwenye rezista na rezista inageuza joto, dakika moja na nusu imekwisha. Rezista haihifadhi kitu wala hairudishi kitu. Nilikuwa naiona ni kifaa cha kijinga kuliko vyote vitatu. Wiki hii nimeiheshimu.

Lakini hata baada ya dakika tano, pima kwanza. Mita isome sifuri ndipo mkono uende. Na aguse fundi mwenye leseni. Wewe soma mita.

Baada ya hapo mwiteni mkaguzi wa umeme wa wilaya aione kabla ya mkutano. Nasikia, yaani nimeandikiwa, kwamba ni mwanamke anayeitwa Veneranda. Akisema hapana, ni hapana.

Kwenye mkutano sitakuja. Nitakaa kama sanamu mbele ya watu wanaozungumza. Usinilazimishe.

Abbasi


Usoke,
Jumatatu, 24 Juni 2024

Mzee Abbasi, shikamoo, na tena shikamoo.

Keti kwanza.

Jumamosi tulifunga zote, na rezista zake, kwa kufuata daftari. Kila tulipozima tulingoja dakika tano, Mektilda akishika saa. Nikapima sifuri. Mkono wa fundi ukaenda.

Tarakimu ni hizi. Bila kapasita, ampia 57. Moja, 52. Mbili, 47. Tatu, 43. Nne, 40. Tano, 38. Sita, 38 vilevile. Saba, 39.

Ilipofika saba ikapanda, fundi wetu akasema mita imeharibika. Nikamwambia ngoja. Nikaketi kwenye gunia. Nikawaza vile ulivyosema, moja inachelewa, nyingine inatangulia. Zikitoshana zinapeana na kumalizana. Lakini ukiweka kapasita kuzidi, koili haina cha kuzipa zote, basi ile ya ziada nayo inaanza kwenda kuomba nguzoni, na nyaya zinabeba tena mzigo wa bure, safari hii wa upande wa pili. Mita haijaharibika. Tumepapita penyewe, pale zinapotoshana. Tuitoe ya saba. Na kama tano na sita ni sawa, tubaki na tano, mbili ziwe akiba.

Mzee, hapo nililia, na sijui kwa nini, kwa sababu ni tarakimu tu. Kwenye pasi ya Mektilda hakuna cha kutafuta. Hapa palikuwa na mahali, na tulipafikia kwa kuhesabu makopo. Nikazidisha volti kwa ampia, nikaiuliza luku, na kwa mara ya kwanza mota ikasema kweli. Kilowati nane na kidogo, huku na huku.

Nesi Advera alikuja anakimbia kutoka zahanati, na yeye si mtu wa kukimbia. "Mia mbili kumi na tatu," akasema. "Mmezima?" Nikamwonyesha unga unatoka.

Leo amekuja Mhandisi Veneranda na Bwana Wilbroad. Mhandisi ana mita ya bei mbaya. Alipima kila kitu, akafungua boksi, akaziona rezista, akaguna. Bwana Wilbroad akamuuliza, "Kwa hiyo mashine imepunguzwa nguvu?"

"Inasaga kama ilivyokuwa inasaga," akasema. "Imeacha kubebesha laini mzigo wa bure."

Akanigeukia. "Kwa nini tano na si saba?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Umesoma chuo gani?"

"Gongoni."

"Gongoni hakuna chuo."

"Kwa Mzee Abbasi," nikasema.

Akafunga boksi. Kisha akasema alipokuwa mwanafunzi alifanya mazoezi kwako miezi miwili, na kwamba siku ya kwanza aliuliza swali kuhusu wati ambazo hazionekani, ukaacha kazi ukamwandalia chai. Mzee, nadhani yeye ndiye mmoja wa wale wawili.

Amesaini. Na amesema Septemba kuna mtihani wa ufundi, majaribio ya vitendo, na hawaulizi uliishia kidato gani.

Ila mkutano bado haujapiga kura, na wapo wanaosema ni ujanja wa wanawake, mashine itazingua tena mkaguzi akiondoka. Watataka kuona. Ulisema nisikulazimishe. Sikulazimishi. Basi la saa mbili asubuhi lina nafasi siku ya Jumamosi. Nesi amekuwekea kiti ndani ya zahanati, chini ya taa, mahali ambapo hutahitaji kumsikia mtu.

Wabeja, asante sana, Mzee.

Levina


Gongoni, Tabora,
Alhamisi, 4 Julai 2024

Mwanangu Levina,

Jumamosi niliondoka bila kusema neno la maana. Watu walikuwa wengi na mimi nikiona midomo mingi inatembea nachanganyikiwa. Basi nakuandikia ninachopaswa kukisema.

Niliketi pale aliponiweka Advera. Mlango ulikuwa wazi, nikauona umati wote na Wilbroad amesimama mbele. Advera alikuwa ameniandikia kwenye karatasi: *Watawasha mashine mbele ya mkutano. Angalia taa.* Nikaiangalia. Mama Josepha alikuwa ameshanichorea jinsi ilivyokuwa zamani, ikipauka inakuwa nyekundu kama kaa la moto. Nikajiambia, ikianza kupauka nitajua wamewasha.

Nikangoja. Taa ikapepesa mara moja, kidogo sana, nikadhani ni jicho langu. Nikaendelea kungoja. Nikaanza kuingiwa na hofu kwamba kuna kitu kimekwama, kwamba umeogopa, au Wilbroad amekataa. Nikamtazama Advera. Nikamwonyesha kwa mkono, vipi, mbona hawawashi?

Akachukua kalamu. Akaandika: *Imewashwa dakika kumi sasa. Debe la tatu.*

Levina, miezi kumi nimekuwa nikiulaani ukimya. Siku ile nilikaa ndani ya ukimya nikashindwa kujua kwamba mota ya farasi kumi inasaga hatua thelathini kutoka kwangu, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Nilivua kofia nikaiweka magotini. Advera akajifanya anapanga chupa.

Halafu nikaona kura. Kura ya kunyoosha mikono ni kitu kizuri kwa mtu kama mimi, sikuhitaji kuandikiwa. Nilijaribu kuihesabu mikono ya kutaka mashine ibaki, nikashindwa kwa wingi wake. Nilimwona Mektilda amenyoosha yote miwili na mtu anamshusha mmoja. Nilikuona wewe hukunyoosha, umesimama mlangoni mwa mashine umejaa unga mpaka kope, unaangalia mita.

Nimerudi nyumbani, nikamwita Mwanajuma, nikamwambia mlango haupangishwi. Alinitazama sana. Akaandika: *Sasa wateja watazungumzaje na wewe?* Nilikuwa na jibu, kwa sababu nimeishi nalo tangu Mei.

Jumatatu nimetundika ubao mweusi mlangoni na chaki tatu. Juu nimeandika kwa rangi, herufi kubwa, zionekane mpaka ng'ambo ya barabara: FUNDI HASIKII. ANDIKA. Mwanajuma aliona haya kunishikia ngazi. Nilipanda mwenyewe. Nikaingia ndani nikaketi nimeupa mlango mgongo, maana sikutaka kuona watu wakisoma na kupita.

Ilipofika adhuhuri nikageuka. Ubao ulikuwa umejaa. Mtu wa Ntalikwa ana mota inayochemka. Wa Kwihara ana mashine ya kukoboa mpunga, amesikia habari za Usoke, anauliza ni kapasita ngapi. Mwingine hakuacha hata jina, ameandika ampia na volti zake tu, mistari miwili, nadhifu. Na pale chini kabisa, kwa mwandiko wa mtoto, kuna aliyeandika, *Shikamoo fundi.* Nikachukua chaki nikamjibu.

Mota hizo zinahitaji mtu wa kwenda kupima mahali zilipo, anayejua kuuliza swali. Mimi nitakaa kwenye benchi. Vidole vikipona njoo, na mita yangu usiirudishe, ni yako.

Abbasi Adinani
Fundi